Andalio Lililoungua

Mkono wa kushoto wa kwanza kuuona ulikuwa wa My, dawati la tatu, karibu na dirisha. Nikadhani mtoto kajisahau. Kwetu mwanafunzi ananyoosha mkono wa kulia, kiwiko juu ya dawati, vidole vimebanwa pamoja. Hilo wanafundishwa darasa la kwanza kabla hawajajua hata herufi moja. Kisha nikaona wa pili, nyuma yake. Wa tatu. Nikaanza kuhesabu huku natabasamu, maana mwisho wa darasa walikuwa wamekaa wakaguzi watano kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na fomu yake ya alama mapajani. Mikono thelathini na miwili ilikuwa juu. Kumi na mmoja ilikuwa ya kushoto.

Damu ikanipanda, kwa sababu mchezo huo naujua. Kila mwalimu wa nchi hii anaujua, na wengi wetu tuliucheza tukiwa watoto. Siku ya wageni darasa zima linyooshe mkono, ionekane mwalimu kafundisha na watoto wakafundishika. Anayejua jibu ananyoosha wa kulia. Asiyejua ananyoosha wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia, jibu linatoka safi, wakaguzi wanaandika, na kila mtu anakwenda kula chakula cha mchana kwa amani.

Mimi sikuwafundisha watoto wangu hivyo. Nilikataa. Nilikataa mbele ya mtu mmoja tu, naye aliniahidi, tena aliniahidi akiwa ananitazama machoni. Sasa alikuwa amesimama koridoni nje ya dirisha, mikono nyuma, akijifanya anaangalia ukungu wa mlimani.

Khiem huyo.

Ngoja nieleze, ili usinione mwanamke wa kukasirika bure. Khiem ndiye mkuu wa idara ya Kiingereza hapa shuleni, kama watu watatu na kabati moja wanaweza kuitwa idara. Kila Jumatatu lazima tumpelekee madaftari ya maandalio ya somo, asome na kusaini kabla hatujakanyaga darasani. Ndiyo sheria. Mkuu aliyemtangulia alikuwa anasaini bila kufungua. Khiem alifungua. Wiki yangu ya kwanza aliandika kwa wino mwekundu: "Hatua ya tatu ni ndefu, watoto watachoka." Nilimchukia siku nzima. Wiki ya tano akaandika: "Hatua ya tatu sasa imekaa vizuri." Wiki ya tisa, chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Hili umeliandika ukiwa na homa, mwandiko umelala. Umekunywa dawa?"

Nilimjibu palepale chini yake kwa penseli, ili niweze kufuta. Sikufuta. Tukaendelea hivyo mwaka na nusu, yeye kwa wino mwekundu, mimi kwa penseli, na midomoni tukiitana Mwalimu Khiem na Mwalimu Thoa kama watu waliokutana stendi.

Sasa haya mashindano ya mwalimu bora wa wilaya. Kwa wenzangu yalikuwa cheti cha kutundika ukutani. Kwangu yalikuwa maisha. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa tano, na anayepata alama ya Bora hupewa ajira ya kudumu. Kule Nam Dinh mama yangu, ambaye hana mtoto mwingine ila mimi, alikwishanitafutia nafasi ya kudumu kwenye shule iliyo dakika kumi kutoka mlangoni kwake. Tulikubaliana kwa simu, baada ya machozi ya pande zote mbili: nikipata Bora, nabaki na yeye hatasema neno. Nikikosa, narudi nyumbani na mimi sitasema neno. Mama hakuwa anaogopa milima. Alikuwa anaogopa mwanaume wa milimani, wa kabila la Watay, ambaye angemuoa binti yake wa pekee na kumweka saa tisa za basi mbali naye. Mama alifika siku moja kabla ya somo, na begi kubwa tupu la kubebea vitu vyangu.

Somo lenyewe tuliliandaa pamoja, mimi na Khiem, alasiri sita mfululizo kwenye meza ya ping-pong ya chumba cha walimu. Mada ilikuwa kumwelekeza mgeni njia. Kitabu kilikuwa kimejaa makumbusho, vituo vya treni na taa za kuongozea magari.

"Wilaya nzima haina taa ya kuongozea magari hata moja," nilimwambia. "Mtoto atakataje kulia kwenye kitu ambacho hajawahi kukiona?"

"Mwalimu Thoa, kitabu ndicho kinachokaguliwa."

"Kinachokaguliwa ni mimi."

Akacheka, akafuta. Badala ya makumbusho tukaweka daraja la chuma, duka la tofu la bibi Sen, zizi la nyati, mnara wa simu. Hatua tano ndani ya dakika arobaini na tano. Yeye alitaka kila sentensi ipangiwe dakika yake. Mimi nilitaka hatua ya nne iachwe wazi: mtoto aelekeze njia ya kwenda kwao, litoke litakalotoka.

"Na lisipotoka kitu?"

"Tutasubiri."

"Mbele ya wakaguzi?"

"Mbele yao. Khiem, niahidi hutawafanyisha mazoezi. Wala ule mchezo wa mikono."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila kuweka Mwalimu mbele. Aliniangalia muda mrefu mpaka nikachukua kikombe cha chai nikanywa, na kikombe kilikuwa kitupu. "Nakuahidi, Thoa," akasema. Nilirudi chumbani kwangu nikiwa nimebeba ahadi na jina langu, na nikashindwa kula.

Basi ndiyo hiyo ahadi iliyokuwa imenyooshwa mbele yangu, mikono kumi na mmoja.

Nilikuwa nimeuliza nani ataelekeza njia ya kwenda kwao, na nilikuwa na sekunde kama tatu za kuchagua. Mikono ya kulia ilikuwa mingi, na mbele kabisa alikuwepo Pao, mtoto ambaye angemwelekeza mgeni kwa Kiingereza mpaka Hanoi na kumrudisha. Nikimchagua Pao, nimepata Bora. Nabaki. Begi la mama linarudi tupu. Nilimtazama Pao, nikamtazama My. My alikuwa ameinua mkono wa kushoto huku macho yake yapo kwenye dawati, kwa sababu alijua hataitwa. Alikuwa ameambiwa hataitwa.

"My," nikasema.

Nje ya dirisha Khiem aligeuka.

My akasimama. Mtoto wa kabila la Wahmong, miaka kumi na miwili, koti jekundu la msaada lenye mikono mirefu kuliko yake. Analala bwenini, na kila Ijumaa anatembea saa mbili kupanda kwao. Alifungua mdomo, akaufunga. Mkaguzi mmoja akaangalia saa.

"Njoo mbele," nikamwambia. "Tutajibu pamoja."

Nikampa chaki. Nikamwambia achore kinachoanza baada ya geti la shule. Akachora mstari wa kupinda. "Maji," akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kunong'ona.

"Maji yanafanya nini?"

"Mimi... navuka maji."

Akachora jiwe. Jiwe lilikuwa limepasuka katikati, na neno la kupasuka hakulijua. Nikaligeukia darasa. Pao hakulijua vilevile. Binti mmoja wa nyuma, mkono wa kushoto, akasema, "Jiwe mbili, lakini moja." Nikaliandika hivyo hivyo ubaoni, kisha tukalitengeneza. Baada ya jiwe kulikuwa na mlima, na njia ya mlimani haina kulia wala kushoto, ina kupanda tu. Baada ya mlima, mbwa.

"Mbwa mkali," akasema Pao kutoka kwenye kiti chake, "ukimwelekeza mgeni umwambie habari ya mbwa." Darasa likacheka, na mkaguzi wa katikati akaziba mdomo kwa fomu yake. My naye akacheka. Akaisema njia yote toka getini mpaka paa la bati jipya la kwao, sentensi tisa, Kiingereza kimechanika huku na huku lakini ukikifuata unafika.

Ngoma ya shule ikalia. Nusu ya hatua ya nne ilikuwa bado, na ya tano sikuigusa.

Mkuu wa wakaguzi, Bi Nhan, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alinisubiri mlangoni. "Mwalimu Thoa, andalio limeungua," alisema. Ndivyo walimu wa kwetu tunavyosema muda ukikwisha na hatua zimebaki, kama wali uliosahauliwa jikoni. "Nimekupa Nzuri. Bora siwezi. Yule mtoto nimemwona, usifikiri sikumwona. Lakini fomu haina mahali pa kumwandika."

Nikamshukuru. Nikainama kama inavyopasa. Watoto wakatoka kwenda kula, na mimi nikabaki nafuta ubao polepole, kwa sababu nilijua nani ataingia.

Aliingia, akafunga mlango nusu, kama adabu inavyotaka.

"Lini?" nikamuuliza bila kugeuka.

"Alhamisi. Ulipokwenda stendi kumpokea mama."

"Uliniahidi."

"Niliahidi." Akasogea mpaka dawati la mbele. "Halafu ukaniambia mama anakuja na begi tupu. Ukasema huku unacheka. Mimi sikucheka, Thoa. Niliona lile begi usiku kucha."

"Kwa hiyo ukanihurumia."

"Nilijihurumia mimi."

Nikageuka. Alikuwa amevaa shati jeupe la siku ya wageni, na kola ilikuwa imegeukia ndani upande mmoja. Siku nyingine ningeitengeneza kwa macho, maana kwa mikono nilikuwa sijathubutu. Leo nilitaka kumrushia kifutio.

"Ulidhani siwezi."

"Nilidhani hawatakuona. Wanaona fomu."

"Na watoto? My umemwambia nini? Wewe hujui, kwa hiyo nyoosha huu, usijali, hutaitwa?"

"Nilimwambia asiogope." Akakaa kwenye dawati la mbele, magoti yakagonga ubao wa chini. "Unajua maana ya kusimama mbele ya wageni na ulimi umekufa? Mimi najua. Nilikuwa darasa la pili. Nyumbani tulisema Kitay tu, Kivietnam nilikuwa nakisikia kama mvua juu ya bati. Wakaja wakaguzi, mwalimu akaniita kwa bahati mbaya. Nikasimama. Nilijikojolea, Thoa, mbele ya watu wazima wanne. Sijawahi kumwambia mtu. Toka siku hiyo kila kitu nakiandaa. Hata nikienda kununua tofu najua nitakachosema."

Hasira yangu ilipungua, na sikupenda ipungue. Nilimwona yule mtoto, suruali imelowa, na nikataka kwenda kumshika. Nikabaki nimesimama.

"Na baada ya hapo?" nikauliza. "Nani alikuja kukusaidia ujibu?"

"Hakuna. Mwalimu akamwita mwingine."

"Basi na wewe ndicho ulichompangia My. Aitwe mwingine."

Alifungua mdomo. Akaufunga, kama My alivyofanya. Nje watoto walikuwa wanagonga vijiko kwenye mabakuli yao, na harufu ya wali na mboga ya mlimani iliingia mpaka ndani.

"Sikuliona hivyo," Khiem akasema mwishoni.

"Najua hukuliona. Ndiyo maana nilikwambia niahidi." Nikaweka kifutio mezani. "Mimi nakupenda, Khiem. Nilitaka nikwambie leo, nikiwa na Bora mkononi, nimevaa ao dai yangu nzuri. Sasa nakwambia bila kitu. Nakupenda, na mtu niliyempenda kaninyooshea ahadi ya uongo. Nitakuaminije nikiwa huku peke yangu, mbali na kwetu?"

Nikachukua kikapu changu cha vitabu nikatoka. Kama angenishika mkono ningebaki, lakini hakunishika, na nilimshukuru na kumlaumu kwa hilo njia nzima.

Mama alikuwa ameketi kitandani kwangu, amekunja nusu ya nguo zangu. Ameuza wali wa kunata sokoni miaka thelathini, na mikono yake haijui kukaa.

"Nimesikia," alisema. "Mpishi kaniambia. Umepata Nzuri."

"Ndiyo, mama."

"Nzuri ni nzuri. Nyumbani hawatakuuliza." Akakunja sweta. "Nilikuja kuchungulia dirishani. Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji, lakini yule mtoto wa koti jekundu nilimwona. Aliposimama alikuwa kama kaona nyoka. Alipokaa alikuwa anacheka. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia tutajibu pamoja."

Mama akalaza sweta ndani ya begi, akalipigapiga.

"Mwalimu mkuu anasema anaweza kuniongezea mkataba," nikasema. "Mwaka mmoja."

"Halafu?"

"Halafu sijui."

"Tulikubaliana, Thoa."

"Tulikubaliana, mama."

Ningeweza kubishana. Hoja nilikuwa nazo. Lakini nilikuwa nimetoka kumgombeza mtu kwa kuvunja ahadi, na mate yalikuwa hayajanikauka mdomoni. Nikavua ao dai ya buluu, gauni letu refu la heshima, nikavaa nguo za kawaida, nikapiga magoti tukakunja pamoja. Vitabu chini, nguo juu. Madaftari ya maandalio sikuyagusa, yalikuwa ofisini, na nikawaza kwamba labda ni vizuri yabaki huko.

Kwenye saa tisa mlango ukagongwa.

Khiem alikuwa amechana nywele kwa maji. Mkononi alikuwa na daftari langu, na juu ya daftari karatasi iliyokunjwa. Akamwamkia mama kwa mikono miwili, akainama chini kuliko inavyohitajika. Mama akaitikia. Chai hakumkaribisha, na kwa kwetu mgeni kutokaribishwa chai ni maneno tosha.

Khiem akanipa daftari kwanza. Nikafungua ukurasa wa leo. Hapakuwa na wino mwekundu. Alikuwa ameandika kwa penseli: "Hatua ya nne ilikuwa sahihi. Nilivunja ahadi. Mchana huu nimewaomba radhi watoto, na My kwanza. Sasa nakuomba wewe." Nikalifunga, nikalishika kifuani, sikumwangalia usoni kwa sababu ningelia.

Kisha akafungua karatasi yake. "Mama," akaanza, "mwanao nimekuja kwa heshima, nina mambo matatu. Kwanza, kuhusu ajira ya Thoa, nimezungumza na..."

"Umekariri," mama akasema.

"Samahani, mama?"

"Nimeuza sokoni miaka thelathini. Mtu anayesema lililo moyoni na mtu aliyekariri, nawajua kwa shingo. Weka hiyo karatasi mfukoni."

Akaiweka. Masikio yalikuwa mekundu.

"Mimi nina swali moja tu," mama akasema. Aliacha kukunja. "Nina miaka sitini na tatu. Mume wangu alishatangulia. Presha inapanda na kushuka inavyotaka. Mtoto ninaye mmoja, huyo. Siku nikianguka bafuni, na yeye yuko huku kwenu mawinguni, utafanya nini?"

Nilimwona Khiem akitafuta. Nilimjua, alikuwa na sentensi za kila namna kichwani, zimepangwa kwa dakika. Tutampigia jirani. Tutatafuta mtu wa kukaa naye. Mama asijali. Zilipita usoni pake moja moja na akaziacha zote zipite. Chumba kikawa kimya mpaka nikasikia maji yakidondoka kwenye pipa la nje. Mtu aliyeogopa kimya toka darasa la pili alikuwa amesimama ndani yake, mbele ya mama yangu, na hakukimbia.

Halafu akanyoosha mkono. Dawati halikuwepo la kuegemeza kiwiko, kwa hiyo alikibana ubavuni, vidole pamoja, sawasawa kama alivyofundishwa.

Wa kushoto.

"Ana nini huyu?" mama akaniuliza. "Mkono unamuuma?"

Mimi nilikuwa nacheka na machozi yanatoka, sijui kipi kilianza. "Hapana, mama. Anasema hajui jibu."

"Sasa asiyejua ananyoosha mkono wa nini?"

"Anataka aulizwe hivyo hivyo."

Mama akamtazama, akanitazama. Khiem hakushusha mkono. Nikainuka kutoka pale nilipopiga magoti, nikajifuta uso na mkono wa sweta.

"Khiem," nikasema. "Njoo mbele."

Akasogea hatua moja, akasimama katikati ya chumba changu, kati ya kitanda na begi.

"Mama kaanguka. Tuko hapa. Tunafikaje kwake? Nielekeze njia, taratibu."

Akashusha mkono. "Nafunga ofisi. Nawasha pikipiki, wewe nyuma. Tunashuka mpaka daraja la chuma." Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Tunapita duka la tofu. Tunafika stendi. Tunapanda basi la saa saba."

Mama alikuwa amerudi kwenye nguo zake. "La saa saba linazunguka Thai Binh," alisema, kama anayeiambia blauzi. "Mtafika nimeshazikwa."

Khiem akamgeukia. "Tunapanda lipi, mama?"

Mama akakunja mkono mmoja wa blauzi. Akakunja wa pili. "La saa sita."

"Tunapanda la saa sita. Tunakaa mbele, Thoa anatapika akikaa nyuma." Sikujua kama alijua. "Tunashuka stendi ya mjini..."

"Mjini mnakwenda kufanya nini? Mwambieni dereva awashushe njiapanda ya kanisa."

"Njiapanda ya kanisa. Halafu..." Akasimama hapo. Alikuwa hajawahi kufika kwetu. Picha nilikuwa nazo kwenye simu, jina la mtaa alikuwa analo kwenye karatasi mfukoni, nina hakika, lakini hakuitoa. Aliinua tena ule mkono.

Mama akashusha pumzi ndefu. Akaiacha blauzi. Kwa mara ya kwanza toka ateremke kwenye basi, alimtazama Khiem vizuri, kuanzia nywele zenye maji mpaka kola iliyogeukia ndani. Akanyanyuka kwa shida, magoti yakilia, akaitengeneza ile kola kwa vidole viwili, kwa haraka, kama mtu anayefukuza inzi.

"Unafuata mfereji," alisema. "Kuna nyumba za wauza chumvi, utaona magunia nje. Unazihesabu. Ya tano ina geti la kijani. Umesikia?"

"Mfereji. Magunia ya chumvi. Ya tano. Geti la kijani."

"Rudia."

Akarudia. Mama akalivuta begi akalisogeza kwa mguu, akachukua ao dai yangu ya buluu iliyokuwa juu kabisa, akaikung'uta, akaitundika tena kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Kisha akachukua birika na kwenda nalo nje kwenye pipa la maji. Alipofika kizingitini alisimama bila kugeuka.

"Kengele ya geti imekufa toka mwaka juzi," alimwambia Khiem. "Ugonge kwa nguvu."